Kufuli nyingi, njia za panya nyingi: Jinsi ulinzi uliokazwa kupita kiasi unavyowafaidi wezi

KABLA jua halijachomoza juu ya mitaa ya Eastlands, Nairobi, Soko la Gikomba huwa limekwisha kuamka. Wachukuzi wameteremsha marobota ya nguo kuukuu, mikanda inakatwa, na wanunuzi wa rejareja wamelizunguka kila robota wakisubiri nguo za kwanza, zile bora zaidi ambazo sokoni humo huitwa ‘kamera’.

Katika pilkapilka hizo biashara huamuliwa kwa dakika chache. Mteja anayekawia kulipa hupokonywa nguo na mwenye pesa tayari, na muuzaji anayekawia kupokea malipo humpoteza mteja kwa jirani.

Hapo ndipo hutokea kisa ambacho wauzaji wengi wanakifahamu. Mteja anachagua nguo, anabonyeza simu yake na kusema amekwisha kutuma pesa. Mhudumu wa kibanda hana njia ya kuthibitisha, kwa sababu simu inayopokea ujumbe wa malipo iko kwa mwenye biashara, naye bado yumo ndani ya matatu akielekea sokoni. Aliichukua simu hiyo makusudi, ili mfanyakazi asipate nafasi ya kugusa pesa.

Mhudumu anampigia tajiri wake, simu haishikwi. Wateja walio nyuma wananung’unika. Mwishowe anamwomba mnunuzi amwonyeshe ujumbe ulio kwenye simu yake mwenyewe, anausoma harakaharaka na kumwachia mzigo. Saa mbili baadaye inagunduliwa kwamba ujumbe ule ulikuwa wa kughushi na hakuna hata senti iliyoingia.

Mfanyakazi huyo hakukusudia kuvunja kanuni ya tajiri wake. Alitafuta namna ya kuendelea na kazi aliyoajiriwa kuifanya, na upenyo alioupata ndio uliopitiwa na tapeli.

Kisa hicho kinabeba fundisho linalohusu maduka, benki, ofisi za serikali, shule na viwanda. Kanuni ya usalama inapoziba njia ya kazi, wafanyakazi waaminifu hutafuta njia za panya. Na kwa kuwa njia hizo hufichwa, mwenye mali huendelea kulala usingizi wa pono akidhani milango yote imefungwa.

HOFU YA ‘KIKULACHO KI NGUONI MWAKO’

Si haki kumlaumu mwenye biashara kwa kuwa na wasiwasi. Gikomba, iliyoko Kamukunji kando ya Mto Nairobi na kupakana na Pumwani, Majengo na Shauri Moyo, ni mahali ambapo mtaji wa maisha yote huweza kupotea usiku mmoja. Robota moja hugharimu maelfu ya shilingi, na mara nyingi hununuliwa kwa mkopo au kwa akiba ya chama. Mali inapopungua kila siku bila maelezo, tajiri hukumbuka methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako, na jicho lake huwageukia walio karibu naye.

Hapo ndipo kufuli huongezwa. Ghala lililokuwa na kufuli moja hupata tatu, na ufunguo hubaki mmoja tu, mfukoni mwa tajiri.

Lakini mzigo haujui saa za tajiri. Lori huweza kufika alfajiri akiwa bado kitandani, na msukuma mkokoteni hulipwa kwa safari anazofanya, wala halipwi kwa kungoja. Baada ya asubuhi kadhaa za kusimama mbele ya mlango uliofungwa, msimamizi wa ghala hupata suluhisho lake. Siku anayotumwa na ufunguo hupitia kwa fundi na kuchongesha nakala kwa bei nafuu. Nakala hiyo huachwa kwa mama anayeuza chai karibu, ili yeyote atakayewahi kufika aweze kufungua.

Kwa hesabu ya tajiri, ghala lina ufunguo mmoja. Kwa hakika ni watu wanne au watano wanaoweza kuingia, na baadhi yao hajawahi kuwaona. Kama angetoa funguo mbili kwa watu wawili anaowajua na kuweka daftari la kusaini, mali yake ingekuwa salama zaidi kuliko ilivyo chini ya kufuli tatu.

Suala la simu ya malipo ni hilo hilo kwa sura nyingine. Huduma ya Lipa na M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2013, iliwawezesha wafanyabiashara kupokea malipo kwa nambari ya duka. Wengi waliichukulia simu ya nambari hiyo kuwa kama sanduku la pesa, wakaifungia mbali na wahudumu.

Walichosahau ni kwamba kuona malipo na kutoa pesa ni mambo mawili tofauti. Mhudumu anahitaji la kwanza ili afanye kazi. Ni la pili pekee linalofaa kuzuiwa. Mifumo ya malipo ya wafanyabiashara siku hizi huruhusu simu za wahudumu kupokea ujumbe kila mteja anapolipa, bila kuwapa uwezo wa kutoa chochote. Tajiri anayetumia nafasi hiyo hulinda pesa zake na wakati huo huo huziba mwanya wa matapeli.

NANI HULIPA HASARA?

Tapeli anapotoweka na nguo, swali linalofuata ni nani atakayebeba mzigo. Katika biashara ndogondogo jibu huwa jepesi: mhudumu hukatwa mshahara.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu mwajiri kukata mshahara katika hali maalumu. Mojawapo ni pale pesa zinapopungua kwa sababu ya uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, lakini sharti mkataba wake uwe ulimkabidhi wazi jukumu la kupokea, kutunza na kulipa pesa. Aidha, jumla ya makato haifai kuzidi thuluthi mbili ya mshahara.

Hapo pana kitendawili. Mwajiri aliyeificha simu kwa sababu hamwamini mfanyakazi na pesa anawezaje kumtoza kana kwamba alikuwa amemkabidhi pesa hizo? Wahudumu wengi hawana mkataba wa maandishi, na wachache huwa na ujasiri wa kuuliza swali kama hilo mbele ya mtu anayeweza kuwafuta kazi jioni hiyo hiyo.

Matokeo ni kwamba mfanyakazi hubanwa pande zote mbili. Akifuata kanuni, wateja hukimbia naye hulaumiwa kwa mauzo duni. Akikiuka kanuni na mambo yaende vyema, hakuna anayemshukuru. Mambo yakienda mrama, yeye ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole.

VITAMBULISHO VINAVYOTAJWA KWA KICHWA

Hatua chache kutoka vibanda vya nguo kuna maduka ya mawakala wa pesa kwa njia ya simu. Kanuni yao ni wazi: anayetoa pesa lazima aonyeshe kitambulisho chake halisi, na shughuli hiyo inakiliwe.

Kanuni hiyo ina maana. Kitambulisho chenye picha ndicho kinachomwezesha wakala kujua kwamba aliyeshika simu ndiye mwenye akaunti, na kwamba simu haikuibwa dakika chache zilizopita.

Hata hivyo, mchuuzi anayetoa pesa mara tatu au nne kwa siku kwa wakala yule yule huona kero kupekua mfuko kila mara, tena katika soko lenye wezi wa mifukoni. Mchukuzi aliyevua koti ili abebe mzigo hana kitambulisho mwilini. Basi hukariri nambari. Humtajia wakala tarakimu zake kwa kichwa, wakala huziandika, na pesa hutolewa.

Kwenye maandishi kila kitu huonekana sawa: jina, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho na kiasi cha pesa. Lakini ukaguzi wenyewe haukufanyika. Nambari inayotajwa kwa mdomo haithibitishi uso wa mtu, na aliyesimama nyuma kwenye foleni anaweza kuisikia na kuikariri pia.

Baya zaidi, pale taarifa hizo zinapoandikwa kwa mkono, daftari huweza kulala juu ya meza ya duka. Kumbukumbu iliyokusudiwa kumlinda mteja huwa hazina kwa mtu anayetafuta majina na nambari za kutumia katika simu za kilaghai.

Kuna pia wale wanaomkabidhi mtu mwingine nambari yao ya siri. Mzee asiyeona vizuri maandishi ya simu humpa mjukuu, na asiyejua kusoma humpa wakala amsaidie kubonyeza. Matangazo ya kuonya kwamba nambari ya siri haipaswi kuambiwa mtu yeyote husikika kila mahali. Lakini onyo hilo halimwambii mzee huyo afanye nini ili apate pesa za dawa. Mtu asiyeonyeshwa njia halali inayomfaa hujitafutia yake.

LANGONI MWA MAJENGO

Wakenya wana sababu chungu za kuthamini ulinzi. Mnamo Agosti 7, 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuua zaidi ya watu 200. Septemba 21, 2013 magaidi walivamia jumba la Westgate, ambako watu 67 waliuawa. Gikomba nayo iliguswa: Mei 16, 2014 milipuko miwili ilitokea sokoni humo na kuwaua watu wasiopungua 10.

Baada ya mashambulizi hayo, ukaguzi langoni mwa majengo ukawa jambo la kila siku. Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016 inawapa mabawabu mamlaka ya kumtaka mgeni ajitambulishe, kuandika saa ya kuingia na kutoka kwake, na kushikilia kitambulisho kwa muda.

Lakini kwa Mkenya, kupoteza kitambulisho cha taifa ni kupoteza njia ya kufika benki, hospitalini na katika ofisi za serikali. Ndiyo sababu watu wengi huogopa kukiacha kwenye kikasha cha bawabu kilichojaa kadi za wageni wengine.

Njia ya panya ilizaliwa upesi. Mtu huacha kadi ya kazi aliyokwisha kuondoka, kadi ya chuo alichomaliza zamani, au kadi nyingine yoyote yenye picha. Kitabuni huandika jina moja na nambari ya simu iliyokosewa tarakimu moja, kwa kuwa hataki wageni wanaofuata waisome. Bawabu, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila mstari umejazwa, hana muda wa kulinganisha.

Kwa hiyo jengo huwa na kitabu kilichojaa majina, nacho hakiwezi kumsaidia mpelelezi siku ya dhiki. Aliyeandika uongo hakuwa gaidi wala mwizi. Alikuwa raia mwema aliyekuwa akilinda taarifa zake. Naye mhalifu wa kweli, aliyejiandaa tangu mwanzo kudanganya, hupita lango hilo bila taabu.

MANENO YA SIRI YALIYOCHOSHA DUNIA

Yanayotendeka Gikomba kwa kufuli na vitambulisho hutendeka maofisini kwa tarakilishi. Huko ndiko wasomi walikoanza kulichunguza jambo hili kwa makini.

Mnamo 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha London, UCL, Anne Adams na Angela Sasse, walichapisha makala ambayo kichwa chake kinaweza kufasiriwa kuwa ‘Watumiaji si adui’. Wakati huo wataalamu wengi wa mitambo waliamini kwamba wafanyakazi huandika maneno ya siri kwenye vikaratasi kwa sababu ya uvivu na kutojali.

Adams na Sasse waligundua mambo tofauti. Wafanyakazi walilazimishwa kuwa na maneno ya siri mengi kwa mifumo tofauti, na kuyabadilisha mara kwa mara. Akili ya binadamu haiwezi kubeba mzigo huo. Kwa hiyo waliyaandika, au walichagua neno moja jepesi na kuongeza tarakimu mwishoni kila walipotakiwa kulibadilisha. Tena, hakuna aliyekuwa amewaeleza ni hatari gani hasa iliyokuwa ikizuiwa.

Mwaka 2008 Sasse na wenzake Adam Beautement na Mike Wonham walilisukuma wazo hilo mbele kwa kusema kwamba kila mfanyakazi ana ‘bajeti ya utiifu’. Yaani, kila kanuni humgharimu muda na bidii, naye yuko radhi kulipa gharama hiyo kwa ajili ya mwajiri wake, lakini kwa kiasi fulani tu. Bajeti ikiisha, huanza kukwepa, hata kama kanuni inayofuata ni ya maana kuliko zote zilizotangulia.

Wazo hilo lafaa kutiliwa maanani na kila meneja. Anayewalazimisha watu kupoteza utiifu wao kwa mambo madogo asishangae wanapokosa utiifu katika makubwa.

Ushahidi mwingine ulitoka Marekani. Kanuni ya kuchanganya herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama, kisha kubadilisha kila baada ya siku kadhaa, ilienea sana kutokana na mwongozo wa mwaka 2003 wa taasisi ya viwango ya nchi hiyo, NIST. Mwandishi wa sehemu hiyo, Bill Burr, aliliambia gazeti la Wall Street Journal mwaka 2017 kwamba anajutia mengi ya aliyoyashauri. Mwaka huo huo NIST ilichapisha mwongozo mpya, ikishauri kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha neno la siri bila sababu, na kwamba neno refu linalokumbukika ni bora kuliko fupi lililojaa alama.

Nchini Kenya, suala la nani anajua neno la siri la nani liligonga vichwa vya habari mwaka 2015, kufuatia sakata ya Sh791 milioni katika Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Malipo yalipitishwa katika mfumo wa serikali wa kusimamia fedha, IFMIS, na mojawapo ya maswali makuu yaliyozuka ni nani hasa aliyetumia maneno ya siri ya maafisa walioonekana kuyaidhinisha.

Iwe neno la siri limeibwa au limeazimwa, madhara ni mamoja: jina linaloonekana kwenye tarakilishi halimtambulishi tena mtu aliyeketi mbele yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 imefanya kuwa kosa mtu kutoa neno la siri kwa makusudi bila idhini. Hata hivyo, katika ofisi ambapo karani mmoja tu ndiye anayeweza kuidhinisha stakabadhi, naye yuko likizoni, wenzake huwa na vishawishi vikubwa vya kumpigia simu na kumwomba neno hilo. Sheria pekee haiondoi vishawishi hivyo. Vinaondolewa kwa kuwapo afisa wa pili mwenye neno lake na idhini yake halali.

MLANGO UKIKOSA NJIA YA PANYA

Kufikia hapa hasara iliyotajwa ni ya mali na taarifa. Ipo pia hasara ya uhai, na hutokea pale ulinzi unapokazwa kiasi kwamba hata njia ya panya haipatikani.

Machi 25, 1911 moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle Shirtwaist jijini New York. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa wenye kiwanda walitaka wafanyakazi wapitie upande mmoja wakitoka na mifuko yao ikaguliwe wasije wakaiba vitambaa. Watu 146 waliangamia, wengi wao wasichana wahamiaji.

Kenya ina majeraha yake. Mwezi Machi 1998 wasichana 26 waliteketea katika bweni la shule ya Bombolulu, Kwale. Machi 2001 wavulana 67 walifia bwenini Kyanguli, Machakos. Katika mikasa yote miwili, vyuma vya madirishani na mlango uliofungwa vilichangia kuwanasa wanafunzi. Vyuma hivyo viliwekwa kwa nia ya kuwalinda na kuwazuia wasitoroke usiku.

Ndiyo maana mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 ulipiga marufuku vyuma kwenye madirisha ya mabweni. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka milango ya mahali pa kazi isifungwe kwa namna inayozuia watu waliomo ndani kuifungua upesi na kwa urahisi.

Kwa Gikomba, mada hii haiwezi kuchukuliwa kimzaha. Soko hilo limeungua mara nyingi. Alfajiri ya Juni 28, 2018 moto ulioteketeza sehemu ya soko na makazi yaliyo karibu uliua watu 15. Katika mikasa ya moto sokoni humo, wazimamoto wamelalamika mara kwa mara kwamba vijia vyembamba vilivyobanwa na vibanda huwazuia kufika penye ndimi za moto.

Katika mazingira kama hayo, kibanda kinachofungwa kwa nje huku mtu akilala ndani kulinda mali ni hatari isiyo na kifani. Robota la nguo hununuliwa tena hata baada ya miaka ya kulipa deni. Kijana aliyefungiwa nalo hanunuliwi.

MKIUKAJI KAMA MJUMBE

Je, mwenye biashara alegeze kila kitu? La hasha. Wezi wapo, na baadhi yao hujificha nyuma ya visingizio vya urahisi wa kazi. Mahali ambapo watu watano hutumia nambari moja ya siri, mwizi mmoja huweza kuwachafulia jina wanne wasio na hatia.

Linalotakiwa ni kuichukulia kila njia ya panya kuwa ujumbe. Mlango unaozuiwa usijifunge kwa kuwekewa jiwe unaeleza kwamba watu hupita pale mara nyingi. Nambari ya siri iliyoandikwa ukutani inaeleza kwamba kuna mtu zaidi ya mmoja anayehitaji mfumo huo. Kitambulisho kinachotajwa kwa kichwa kinaeleza kwamba ukaguzi ule ule unarudiwa mara nyingi mno kwa mtu anayejulikana.

Historia ya M-Pesa yenyewe inathibitisha faida ya kusoma ujumbe wa aina hiyo. Majaribio yalipoanza Oktoba 2005 katikati mwa Nairobi, Mathare na Thika, nia ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo, Faulu, kulipa madeni yao kwa simu. Lakini wateja waliigeuza huduma kwa matumizi ambayo waliobuni hawakuyatarajia. Walitumiana pesa wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasiibiwe njiani.

Wasimamizi wangeweza kuwaadhibu kwa kutumia huduma kinyume cha mpango. Badala yake walitazama na kujifunza. Machi 6, 2007 huduma ilizinduliwa rasmi ikiwa ya kutuma pesa nyumbani, na matumizi hayo yaliyoanza kama mchepuko ndiyo yaliyoifanya isambae kote nchini.

MASWALI MANNE KABLA YA KUONGEZA KUFULI

Kutokana na hayo yote, mwenye duka, meneja au mkuu wa shule anaweza kujiuliza maswali manne kabla ya kuweka kanuni mpya ya usalama.

La kwanza: je, mfanyakazi anaweza kuitimiza kanuni hii katika saa yenye shughuli nyingi zaidi? Kanuni isiyojaribiwa alfajiri ya siku ya kufungua marobota haijajaribiwa kamwe.

La pili: mwenye ufunguo akiugua au akichelewa, nini kitafanyika? Ikiwa hakuna jibu rasmi, lipo lisilo rasmi, na huenda linajulikana sokoni kote.

La tatu: ni kitu gani hasa kinachozuiwa? Kumzuia mhudumu kutoa pesa ni busara. Kumzuia kuona kama pesa zimeingia ni kumfunga macho mlinzi wa mlango.

La nne: je, mfanyakazi anaweza kusema kwamba kanuni imemshinda bila kuhofia kazi yake? Anayeogopa kusema atanyamaza na kutafuta upenyo. Mwajiri atakuja kujua upenyo huo siku ya hasara, baada ya mwizi kuutumia.

Kila swali kati ya hayo lina gharama ndogo. Kuongeza simu ya mhudumu kwenye ujumbe wa malipo ni kazi ya muda mfupi. Kumpa msimamizi wa ghala ufunguo wake na daftari la kusaini ni gharama ya nakala moja, ile ile ambayo angeichongesha kwa siri.

Alfajiri ya kesho marobota yatafunguliwa tena Gikomba, na mteja wa kwanza atanyoosha simu yake kuelekea kwa mhudumu. Kama tajiri atakuwa ameyajibu maswali hayo, mhudumu hatahitaji kuitazama. Atatazama yake.